Spika Mbili Uwanjani Mwadui

Jumapili iliyopita pale Mwadui, fundi mmoja wa mgodini alitoa nje spika zake mbili. Moja ni sanduku la kawaida. Nyingine ni bapa kama mlango, ndani ina utando mwembamba wa plastiki unaotikiswa na umeme. Akapiga kanda ya ngoma, akaelekeza kipimo cha sauti chenye mshale kwa kila moja, akatutangazia: "Mshale hausemi uongo. Bapa ndiyo bora."

Mama manju, kiongozi wa ngoma aliyeimba kwenye kanda ile, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mwanangu, sisi ngoma hatuipimi hivyo. Weka moja huku na nyingine kule, zilie pamoja. Watu watakakokimbilia, ndiko kwenye ushindi."

Ndivyo Wasukuma tunavyoshindana. Basi zikawekwa. Kwanza watu walijaa kwenye bapa, maana hata pumzi ya mama ilisikika. Ngoma kubwa ilipoingia, wote wakahamia kwenye sanduku, vumbi likatimka.

Fundi akauliza, "Sasa mama, ile bapa imekosea wapi?"

"Haijakosea. Inasema kweli yote, ila haishuki miguuni."

Kisha akakaza kanga kiunoni, akaimba mwenyewe. Watu wote wakamkimbilia, spika zote mbili zikabaki zinaliliana. Fundi naye alikuja mbio, kipimo mkononi. Nilichungulia: mshale umegota mwisho, hauna pa kwenda.

Hatuna ugomvi na vipimo. Tunachoomba ni vitengenezwe vya kututosha.