Unga Uliobaki Mashineni

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, na wewe ulikuwepo. Ulikuwa mgongoni kwangu umelala, mate yanalowesha kanga, hirizi ya bibi yako kiunoni. Hukuona kitu. Mimi niliona, na hasira yake ninayo mpaka leo, kwa hiyo nisikilize kabla hujakua ukafungua biashara yako.

Hirizi alikufunga mama mkwe wangu. Mimi nimefika kidato cha nne, nasali Katoliki, na kamba ile siiamini. Lakini ukiolewa kwenye nyumba ya watu, yapo mambo unayaacha yapite.

Zamani hapa Bariadi tulisaga kwenye mashine ya ushirika. Iliharibika kila mara, ila haikumuuliza mtu habari za kwao. Ilipokufa kabisa, na serikali imeshasema ruksa kila mwenye uwezo afanye biashara, mzee Eliya akaleta ya kwake karibu na stendi. Mlokole, mpole, hapunji mtu. Tulishangilia, maana viganja vilikuwa vimechubuka kwa kutwanga, na mashine nyingine mjini haikuwepo.

Siku hiyo nikafika na ndoo ya mahindi ya uji wako. Zamu yangu ikafika.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," akaitikia salamu yangu kwa Kisukuma, akiniita mama.

Akanyoosha mkono apokee ndoo. Wewe ukajinyonganyonga, kanga ikapanda, akaiona ile kamba nyeusi. Akarudisha mkono.

"Mayu, mashine hii imeombewa. Kwenu wanatambika. Siwezi."

"Huwezi kusaga mahindi?"

"Siwezi kusaga ya kwenu."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akacheka. "Si umvue tu! Kamba na uji, kipi kinashibisha?"

"Mvue wa kwako," nikamwambia. Kamba yenyewe siitaki, lakini mwanangu havuliwi kitu mbele ya foleni ili apate kula.

Nikabeba ndoo yangu moja kwa moja mpaka kwa afisa biashara. Mzee mmoja wa Maswa, mwenye kusema polepole. Nilimpigia kelele. Nilitaka ile mashine ifungwe siku hiyohiyo. Akanitazama, akachukua kofia yake. "Ifungwe, halafu kesho utasaga wapi, binti yangu? Twende tukamuulize kwanza anaogopa nini."

Anaogopa nini! Mimi nilidhani ni dharau tu. Njia nzima nikawa najiuliza.

Mzee Eliya akazima injini ili tusikilizane. Hakubisha. Akatuita karibu, akagonga bomba la kutolea unga kwa kiganja, unga mwingine ukadondoka. "Huu ni wa aliyetangulia," akasema. "Mashine haitemi unga wote. Kila mtu anaondoka na kidogo cha mwenzake. Waumini wenzangu wananiuliza, unga wa tambiko ukibaki humu, wanakula nini? Niwajibu nini, bwana afisa?"

Mwanangu, niliuokota ule unga nikausugua vidoleni. Miaka yote nasaga, sikuwahi kuwaza kwamba ugali wangu una unga wa jirani ndani yake.

Afisa akauliza, "Huyu ameleta nini?"

"Mahindi."

"Ya tambiko?"

Mzee Eliya akanitazama. "Sijui."

"Ya uji," nikasema. "Wa huyu hapa."

"Basi hukukataa mahindi," afisa akamwambia. "Umemkataa mtu. Leseni niliyokupa ni ya kusagia watu nafaka, na sheria ya nchi hii haibagui mtu kwa dini yake wala ya mama mkwe wake. Kusali, sali. Hakuna atakayekuzuia."

"Na akija na mtama wa tambiko kwelikweli?"

Afisa akavua kofia, akakuna kichwa. "Hilo sina jibu lake," akasema, na nikampenda kwa kusema hivyo.

Mimi ndiye niliyeona gunia la pumba pale kona. Nikauliza, "Ukipitisha konzi moja ya pumba, si inasukuma kilichobaki?"

"Inasukuma."

"Basi pitisha baada ya kila mtu."

"Baada yako, nitapitisha."

"Baada ya kila mtu, baba. Hata mchungaji wako akisaga."

Foleni ikalipuka kwa kicheko. Mzee Eliya hakucheka. Alizungusha gurudumu la injini mpaka ikawaka. Kisha akachota pumba, akamwaga mdomoni mwa mashine mbele ya macho yetu, akapokea ndoo yangu.

Jioni ulikunywa uji mpaka ukacheua. Bibi yako akaonja, akakunja uso. "Leo unga hauna jirani ndani yake," akasema. Mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania.

Basi sikia, mwanangu. Imani yako ikikukataza kitu, kikatae hichohicho, na ukikatalie watu wote, kuanzia wa kwenu mnaosali pamoja. Ukiona unachungulia mgongo wa mtu kwanza ndipo uamue, hapo huisikilizi imani tena. Na ukikataliwa wewe, piga kelele kwanza, ni haki yako. Halafu uliza mwenzako anaogopa nini.

Mungu akupe mlango wa kwako barabarani, na akupe moyo wa kuuacha wazi. Anayekuja na ndoo asirudi nayo kama alivyokuja. Amina.