Kapteni wa Mfereji

Kosa ni langu pia, acha nianze na hapo. Mimi ndiye niliyemwambia Kiprop kwamba hakuna mazishi ya Kenya yaliyowahi kuanza kwa wakati.

Ninakata tiketi kwenye gati la mfereji huku Lusail, Qatar. Kiprop huendesha mojawapo ya zile boti za betri zinazopita polepole katikati ya migahawa. Polepole kweli: mtu anayetembea na mbwa wake ukingoni huipita. Maji yenyewe hayamfiki shingoni. Lakini kampuni huwavisha waendeshaji shati jeupe na kofia yenye nembo ya nanga, na mwaka juzi Kiprop alituma picha moja nyumbani, Eldoret. Tangu siku hiyo akawa kapteni. Baba yake alimtangaza kanisani, sokoni, hadi kwa kinyozi: mwanangu anaendesha meli Qatar. Kiprop hakumsahihisha. Tulimtania sana, naye akacheka nasi.

Baba akafariki. Msimamizi akamnyima ruhusa ya kusafiri, eti ni msimu wa wageni. Kilichobaki ni simu. Jumamosi, kama kifungua mimba, angemuaga baba kwa niaba ya watoto wote, simu ikiwa kwenye kipaza sauti, kabla jeneza halijashushwa. Ratiba ilisema saa sita.

"Saa sita ya wapi?" nikamwambia. "Kuna kwaya tatu, kuna chifu, kuna mheshimiwa. Wewe jipange saa nane."

Akaomba mapumziko ya saa nane, akapewa. Maneno yake aliyaandika kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

Saa sita na robo aliondoka na familia iliyokuja kusherehekea kustaafu kwa nyanya yao. Keki, maputo, muziki. Huko Eldoret wingu lilikuwa limefunga. Mchungaji akaogopa mvua, akafuta hotuba zote isipokuwa ya mtoto wa kwanza.

Simu ililia boti ikiwa chini ya daraja la pili. Mwendeshaji akionekana na simu mkononi, kazi imeisha. Kamera iko juu ya kichwa chake, na Nick, mwendeshaji mwenzake, alifutwa kwa kosa hilo hilo mwezi wa Ramadhani. Ikalia tena. Mara ya tatu, mjukuu mmoja alikuwa anarekodi video, akamwomba kapteni atabasamu. Kiprop akatabasamu.

Nilijua mambo si mazuri aliporudi gatini, nilipomwona akifunga kamba vibaya. Aliketi nyuma ya kibanda changu, akampigia mama yake kwa kipaza sauti. Mama ni Mluhya na marehemu alikuwa Mnandi, kwa hivyo kwao ni Kiswahili tu, na nilisikia kila neno.

"Tumemaliza, mwanangu. Mvua ingetuharibia. Lakini usijali. MC aliwaeleza watu kwamba kapteni yuko bahari kuu, netiweki haifiki huko. Walikupigia makofi."

Kiprop akavua kofia. Mimi nikaona aibu, nikajifanya ninapanga tiketi. Uongo ulikuwa umeshatengenezwa na watu wengine, mzuri kabisa. Angenyamaza tu, yangeishia hapo.

"Mama, siko baharini," akasema. "Niko kwenye mfereji. Nikisimama ndani maji yananifika kifuani. Netiweki iko sawa. Nilisikia simu mara zote tatu, nikaogopa kufutwa kazi."

Nyuma ya mama yake niliwasikia wanawake wakiosha sufuria.

"Kwa hivyo hata meli hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Na baba yako, ulimwambia?"

Kiprop akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti.

"Nilitaka kumwambia leo," akasema. "Nimeiandika hapa, mstari wa kwanza."