Uji wa Kikundi Chetu cha Seliaki

Siku niliyoripoti kazini, katika zahanati moja ya Ndalambo, Muuguzi Mfawidhi alinipokea kwa onyo. "Binti, wagonjwa ni waongo," alisema huku akinikabidhi daftari la wagonjwa wa nje. "Akikuambia amemeza dawa, ujue hajameza." Nilikuwa na sare mpya na viatu vinavyobana, nikayabeba maneno yale mazima mazima. Nilihama nayo hadi Mlowo, na nilipopelekwa kituo kimoja cha afya Tunduma, kwenye purukushani za mpakani, nilikuwa nimeshaota sugu.

Enzi zetu, mtu mzima akikonda na kuharisha miezi kwa miezi, tulimpima virusi, kifua kikuu na minyoo. Majibu yakija safi, nyumbani walishaanza kutafuta mchawi. Mama Faraja, muuza vitenge, alikuwa amepita njia zote hizo ndipo Mganga Mfawidhi wetu akampeleka hospitali ya rufaa, akachukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kikapimwe. Jibu likaja: seliaki. Katika ugonjwa huu gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe, hata chakula kisifyonzwe. Nilipigwa na butwaa. Chapati imkondeshe mtu? Wangapi niliwapa dawa za minyoo, nikawaambia wakale mkate wapate nguvu?

"Sista, hawa watu wanahitaji kukaa pamoja," Mganga Mfawidhi aliniambia wagonjwa wa seliaki walipofika watano. "Anzisha kikundi."

Tulikutana kila Alhamisi katika chumba cha kliniki. Walifundishana namna ya kukataa maandazi ya msibani bila kugombana na wenyeji, na namna ya kumweleza mchungaji habari ya mkate wa Meza ya Bwana. Mimi niliwapima uzito na wingi wa damu, kisha nikawapikia uji. Uji huo nilijivunia, jamani! Ulikuwa wa unga wa lishe, ule wa kuchanganya nafaka, na nilinunua mwenyewe sokoni.

Mama Faraja hakunenepa. Kila akipanda mizani, uzito umeshuka. Alhamisi moja nikamgeukia mbele ya wenzake wote.

"Wewe unakula chapati kwa siri. Utakufa uwaache watoto kwa ajili ya tamaa."

"Haki ya Mungu, Sista, hata andazi sijaonja," alisema, machozi yakimtoka. Aliinuka akaondoka, na hakurudi tena.

Miezi minne baadaye nilienda Mlowo kununua maharage, nikamkuta stendi. Mashavu yamejaa, anashusha robota la vitenge mwenyewe. Nilimuuliza anatumia dawa gani.

"Hakuna dawa, Sista. Nimeacha tu kuja kwenye kikundi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nilirudi Tunduma moja kwa moja hadi kwa muuza unga wangu, nikamuuliza anachanganya nini. Akahesabu kwa vidole: mahindi, ulezi, soya, karanga, "na ngano kidogo, Mama, uji uwe laini." Nilikaa juu ya gunia lake bila kukaribishwa. Mimi niliyewakataza ngano ndiye niliyekuwa nikiwanywesha.

Nilimfuata Mama Faraja nyumbani, nikamsihi aje Alhamisi. Mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao, nilipiga magoti nikaeleza yote. Alinishika mkono akaniinua. Ndipo Mzee Sichone, dereva wa malori na mkubwa wetu kwa umri pale kikundini, akakohoa.

"Sista, uji ule tulijua unatuvuruga. Kila Ijumaa tunashinda chooni."

"Mlijua?"

"Tulijua. Sasa nani angekataa kikombe cha Sista?"

Wengine waliinamisha macho, kana kwamba wao ndio wenye kosa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nimestaafu, na vijana wenye sare huja kuniuliza siri ya kazi. Siri sina. Ninao watu watano walioumwa kila wiki kwa kuniheshimu. Na wale wa Ndalambo na Mlowo, walioitikia "ndiyo, Sista" wakaenda zao, sitajua kamwe walimeza nini kwa heshima hiyo hiyo.