Uzi Ndani ya Valvu

Karakana ile iko karibu na Dagoretti Corner, nyuma ya maduka ya vioo na milango ya chuma. Kwa miezi mitatu niliingia humo kila asubuhi baada ya kuhakikisha mara tatu kwamba nimefunga kufuli la chumba chetu cha Kangemi. Mama alikuwa akinicheka. Yeye huuza mboga sokoni, hutoka alfajiri, hufunga mlango mara moja na kwenda zake. Mimi nina shahada ya uhandisi wa mitambo na siuamini mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa pale kwa majaribio. Mwenye kampuni, ambaye alikuwa na mashine nne za kuchimba na ofisi katikati ya jiji, aliniambia siku ya kwanza kwamba miezi mitatu ikiisha ataamua kama ataniandika au la. Nilikuwa nimetafuta kazi kwa miaka miwili. Mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani kwamba binti yake ni injinia, kwa hiyo kila Jumapili nilipokea pongezi za kitu ambacho sikuwa nacho.

Fundi aliyenifundisha pia aliniita injinia, lakini yeye alikuwa akinitania. Alikuwa mtu wa makamo aliyekuja Nairobi kutoka magharibi akiwa kijana. Masomo yake yaliishia shule ya msingi, na aliweza kusikia pampu inaumwa akiwa bado ng'ambo ya lango. Alisema mafuta niliyosomea chuoni yalikuwa ya kuchorwa ubaoni, na haya ya hapa yananuka.

Ndiye aliyenifanya nielewe valvu, milango ya mafuta. Ndani ya mashine ya kuchimba, alinieleza, kinachofanya kazi ni mafuta tu. Injini huzungusha pampu, pampu huyasukuma mafuta, nayo huingia kwenye bloku nzito ya chuma yenye fimbo laini ndani yake. Dereva akivuta kijiti, fimbo moja husogea kidogo sana, kama upana wa ukucha, na njia hufunguka. Mafuta huenda kwenye silinda, mkono wa mashine huinuka. Fimbo ikirudi katikati, njia hufungwa na mkono husimama hapo hapo ulipofika.

Pembeni mwa bloku hiyo kuna valvu ya usalama. Ndoo ikigonga mwamba na mafuta yakakosa pa kwenda, valvu hiyo hufunguka na kuyarudisha kwenye tangi kabla mipira ya kupitishia mafuta haijapasuka. Ndani yake mna springi na kizibo cha chuma, na kizibo kina kitundu ambacho sindano ya kushonea hupita kwa shida. Mafuta hupenya humo na kujaa nyuma ya kizibo. Nguvu ya mbele na ya nyuma zikiwa sawa, springi huongeza yake kidogo na kizibo hutulia. Kitundu kikizibika, nyuma hapana kitu cha kushikilia. Kizibo husukumwa wazi, mafuta yote hukimbilia tangini, na mashine ya tani ishirini hushindwa kuinua karai la mchanga.

Kwa sababu ya kitundu hicho, fundi alipiga marufuku vitambaa. Kila sehemu ilioshwa kwa dizeli safi, ikapulizwa kwa kompresa, ikapakwa mafuta mapya kwa kidole na kurudishwa. Nati ikishakazwa, alitoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, ambacho alisema mkewe bado anakitafuta, akachora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye bloku. Nati ikilegea kwa mtikisiko, mstari hukatika na mtu huona.

Siku mbili kabla ya majaribio yangu kuisha, mashine moja ililetwa ikiwa dhaifu. Ndoo tupu iliinuka. Ikijazwa udongo, mkono ulikataa. Fundi alipima nguvu ya mafuta kwa geji, akaniambia nifungue valvu ya usalama mwenyewe, yeye atazame tu. Nilifungua. Ndani mlikuwa na chembe ya chuma. Niliosha, nikapuliza, nikapaka mafuta, nikarudisha, nikakaza. Fundi akachora mstari wake mwekundu. Tuliwasha, geji ikapanda mpaka palipotakiwa, mkono ukainua pipa lililojaa maji kama mtu anayeokota kofia. Fundi alisema, "Leo umekuwa fundi. Injinia tutaona kesho." Kisha akaenda kula.

Nilibaki peke yangu na mashine iliyokuwa nzima. Ningekwenda kula pia. Lakini nilianza kujiuliza kama ule mpira mdogo wa mviringo unaozuia mafuta kuvuja ulikaa vizuri au ulijikunja nilipokuwa nakaza. Nilikumbuka kwamba niliutazama. Kisha nikawaza kwamba labda nilichokumbuka ni kutaka kuutazama. Geji ilikuwa imenijibu tayari, na fundi alikuwa ameona kwa macho yake, lakini nilijiona nikiitwa ofisini na kuambiwa kwamba mashine imemwaga mafuta yote barabarani kwa sababu yangu.

Nikachukua spana nikafungua tena.

Mpira ulikuwa umekaa vizuri kabisa. Kila kitu kilikuwa sawa. Mafuta yalikuwa yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, na bila kufikiri, mimi ambaye hufikiri kila kitu, nilifuta kizibo kwa leso yangu. Nikarudisha haraka na kukaza kwa nguvu za hofu. Mstari mwekundu haukukutana tena. Ulikuwa umepishana kwa unene wa njiti ya kiberiti. Nilijaribu kuamini kwamba hakuna atakayeuona.

Lori la kubeba mashine lilifika saa tisa. Mashine ilipanda bila shida, nami nilimshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Ilikuwa inapelekwa Kangemi, kuchimba mtaro wa maji machafu, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwetu.

Kesho yake asubuhi ilifanya kazi chini ya saa moja. Mimi na fundi tulipofika, mkono ulikuwa umelala ndani ya mtaro, dereva ameketi juu ya tofali akinywa chai, watoto wa shule wakimwuliza kama mashine imekufa. Fundi aliinama kwenye bloku. Alipitisha kidole juu ya mstari mwekundu uliopishana.

"Injinia," alisema, "ulifungua hii kitu tena?"

"Hapana, fundi."

Alifungua valvu, akatoa kizibo, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akatoa kitu kwenye kitundu kwa ncha ya waya mwembamba na kukiweka juu ya ukucha wake. Kilikuwa uzi wa bluu, mfupi kuliko unywele wa kope. Leso yangu ya bluu ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa ovaroli. Aliitazama, akanitazama, nami nikaanza kueleza mambo ya mpira wa mviringo, nikaeleza sana, mpaka dereva akageuka.

"Nyamaza," fundi alisema polepole. "Chuoni walikufundisha kufungua. Kufunga watakufundisha lini?" Aliupuliza ule uzi ukapotea. "Bosi akiuliza, nitamwambia ni uchafu. Uchafu ni uchafu. Wewe nenda ofisini uchukue barua yako."

Kabla ya saa nne mkono ulikuwa ukiinua udongo tena.

Saa kumi jioni nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tano. Mwenye kampuni alikuwa peke yake. Juu ya meza palikuwa na karatasi yenye jina langu, niliweza kulisoma hata likiwa kichwa chini. Aliniambia nikae. Alisema fundi amempigia simu, ni uchafu kidogo tu kwenye mafuta, mambo ya kawaida. Alisema pia kwamba fundi hajawahi kumsifu mtu, lakini mimi amenisifu. Akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Nilipaswa kunyamaza hadi aweke sahihi. Lakini niliiona ile kalamu ikisogea nikafikiri: je, kama anajua na ananipima? Je, kama dereva amesema? Je, akijua mwezi ujao?

"Ni mimi niliyeifungua tena," nikasema. "Uzi ulikuwa wa leso yangu."

Akaweka kalamu chini. Aliuliza kama fundi alijua. Sikujibu, na hilo lilitosha. Akampigia simu mbele yangu, akamwuliza swali moja, akasikiliza, akakata. Aliniambia kwamba kusema ukweli ni vizuri na kwamba Jumatatu nisije. Fundi naye angepewa barua ya onyo. Karatasi ile aliikunja mara mbili na kuitia kwenye droo.

Mama bado hajawaambia watu wa kanisani kwamba sikuandikwa. Asubuhi mimi huenda katikati ya jiji na bahasha za vyeti vyangu, nikaziacha kwa mabawabu na makarani ambao hawainui kichwa. Nikishuka ngazi, mara nyingi hurudi kuuliza kama bahasha ilikuwa na nakala zote. Hadi leo sijui kama siku ile nilisema kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya woga, na nimelifikiria jambo hilo kiasi kwamba majibu yote mawili yamechakaa.

Mtaro ulichukua wiki nyingine tatu. Nilikuwa nikiipita mashine kila siku. Mkono ulipanda, ukasimama, ukashuka, bila kusita. Siku moja nilimkuta fundi amekuja kuongeza mafuta. Nilisimama ukingoni, kati yetu udongo mbichi, nikamwuliza habari za kazi.

Aliinua macho. Kwenye nati, nyuma ya bega lake, mstari mwekundu ulikuwa umenyooka.

"Salama, madam," alisema, kisha akaendelea kumimina mafuta.