Faili la Chai ya Mkuu

Aibu niliyoipata siku ile bado inanichoma, ila jamani, hasira ndiyo imezidi, maana hadi leo sijaelewa nani aliiruhusu kompyuta ijiamulie mambo yangu bila kuniuliza!

Tulikuwa kwenye semina shuleni kwetu hapa Izia, walimu tunafundishwa kuandaa masomo ya kuwekwa mtandaoni, shule yoyote iyachukue bure. Mimi nikachagua ntumba, yale matuta yetu ya Kifipa tunayofukia majani yaoze yawe mbolea (bibi yangu wa Kasense amelima hivyo maisha yake yote), na nilitaka sana somo hilo liende na jina langu. Mwezeshaji, kijana wa Mbeya mwenye haraka zake, akasema, "Andikeni chochote kwanza, msevu faili, ndipo muendelee." Chochote! Baridi inatukata, asubuhi nzima hatujaonja hata maji ya moto, na mkuu wa shule kakaa mbele na chupa yake ya chai, basi nikaandika kilichokuwa moyoni: Mkuu anakunywa chai peke yake. Nikasevu, nikaufuta ule mstari, nikaandika somo langu zuri, nikasevu tena, nikatulia.

Sasa nani aliniambia kwamba mstari wa kwanza ndio unageuka jina la faili? Hakuna!

Mafaili yakakusanywa, yakatumwa kwenye kundi la simu la walimu wote, kisha yakamulikwa ukutani. Mwezeshaji akasoma kama anatangaza taarifa ya habari, "'Mkuu anakunywa chai peke yake.' Hili la nani? Ndani halina jina. Lisilo na mwenyewe nalifuta."

Mkuu kikombe kimemgandia mdomoni. Nami (mjinga mimi, jina nilipanga kuliweka mwishoni nikasahau) nikamuwaza bibi na ntumba zake, nikanyoosha mkono.

"Langu."

"Mwalimu," mkuu akasema taratibu, "kumbe unanihesabia vikombe?"

"Shikamoo mkuu," nikajibu, na tulishasalimiana tangu asubuhi! Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Jina likabadilishwa palepale, lakini wapi, wenzangu walishalipakua, wakalisambaza pamoja na namba yangu. Sasa walimu nisiowajua wananipigia, "Madam, tutumie lile la chai." Ntumba hakuna anayezitaja! Nimeapa, siku hizi nikifungua ukurasa mpya naandika jina langu kwanza, sina maneno mengine. Na chai yenyewe? Bado anakunywa peke yake, tena sasa anafunga mlango.