Siku Nilipoangusha Sanduku la Mionzi Munuki

Jamani, nikiisimulia hii mpaka leo natamani ardhi inimeze, lakini heri muisikie kwangu kuliko kwa watu wa mtaa wa Munuki, maana wale wananiita Baba Sumu.

Mimi ndiye wa usalama kwenye kampuni yetu ya barabara, natunza kile kipimo cha kuangalia kama udongo umeshindiliwa vizuri (ndani kuna kipande kidogo chenye mionzi, ndiyo maana kinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli na alama ya hatari). Siku hiyo wizara iliita kampuni zote zenye vifaa hivyo, tupange jinsi serikali na sisi tutakavyovilinda pamoja, na msemaji wa kwanza ni mimi, nikiwa na kifaa chetu cha kuwaonyesha. Gari la kampuni likachelewa. Nikaona ya nini kungoja, nikaita boda, sanduku likafungwa nyuma yangu kwa mipira.

"Inashika kweli?"

"Boss, mimi iko nabeba mbuzi, sembuse hii?"

Basi mimi huyo, nairudia hotuba kichwani, mashimo yanaturusha, hata sikuhisi mgongo umebaki wazi. Tulipofika, mipira inaning'inia tu.

"Karibu, tuonyeshe kifaa," akasema mkubwa wa wizara.

"Mheshimiwa... kimeanguka njiani."

Hakuna aliyecheka. Polisi wakatoka mbio, redio ikatangaza, na Munuki nzima ikaanza kukimbia, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Tukalikuta sanduku kwa Mama Keji, muuza chai wa kando ya barabara, mteja amelikalia (pale redio hawakuwa nayo, na ile alama nani aliijua?), kufuli halijaguswa. Mkaguzi wa wizara akapima mionzi, akapima tena.

"Halijavuja. Watu wote wako salama."

Nani amsikilize? Chai zilikuwa zinamwagwa chini, na vikombe vinatupwa mtaroni. Mama Keji amesimama na birika lake.

"Mwanangu, nililiokota nikakuwekea, nikijua mwenyewe atarudi. Sasa hawa wateja, nani atawarudisha?"

Nikanywa chai pale mbele ya watu, kikombe juu ya kikombe, kesho yake pia, na wiki nzima. Hakuja mtu. Mwishowe Mama Keji alifungasha akarudi kwao, hata kwaheri sikuipata.

Nimeapa, kifaa hicho hakitoki tena bila gari na askari, na kweli hakitoki. Wizara imeridhika, kampuni imeridhika. Pale barabarani limebaki doa jeusi la jiko, nami nikipita naangalia upande wa pili.