Donge la Babu Kwenye Sahani ya Shehe

Tangu babu apate kiharusi, mkono wake wa kushoto haukuwahi kunyanyuka kupita goti. Mtaalamu wa mazoezi akaagiza aminye donge la unga kila siku, mie nimsimamie. Kwa uvivu wangu, donge lilelile la wiki nzima nikawa nalitunza kwenye friji, kando ya madonge ya chapati ya mama.

Jana shehe wa mtaa alikuja kula. Chapati ya juu ilikuwa ya kijivu. Nikamnong'oneza babu, "Donge letu limepikwa."

Shehe akamega. "Bismillahi..."

Mkono wa kushoto wa babu ukaruka, ukamdaka. "Usile, shehe! Nimeiminya kwa mkono huuhuu!"

Mama akalia, "Alhamdulillahi, mkono umenyanyuka!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, donge lilifikaje kwenye friji yangu?"